Posa Iliyochekwa Gongo la Mboto

Mie nilianza udalali wa vyumba wakati mwenyewe sina chumba. Nililala kwa shangazi yangu Temeke, sebuleni, kichwa chini ya meza ya runinga na miguu karibu inatoka barabarani, maana Mungu alinipa urefu kabla hajanipa nyumba. Asubuhi nafuta viatu vumbi, nakwenda Sinza, nawapitisha watu kwenye vyumba ambavyo nisingeweza kulipia hata kitasa. Lakini mdomo nilikuwa nao. Ningeweza kumwonyesha mtu chumba kinachopakana ukuta na baa, spika imeelekezwa kitandani kwake, akatoka hapo ananishukuru kwamba hatanunua redio maisha yake yote.

Jioni nilikuwa nasoma. Shule yenyewe ilikuwa ya msingi: mchana ya watoto, jioni ya sie ambao shule ilitukimbia tukiwa wadogo. Madawati yale yalitengenezwa kwa ajili ya sisimizi. Ukikaa, magoti yanakuziba masikio. Mwalimu anafundisha hesabu, wewe unasikia damu yako tu inavyozunguka. Tulikuwa na fundi seremala, tulikuwa na mama lishe, na mgambo mmoja aliyeweza kusinzia huku anajibu maswali. Siku ya kwanza nilichelewa, nikakuta nafasi moja tu, dawati la mbele, kando ya msichana mwenye koti la duka la vifaa vya ujenzi na penseli nyuma ya sikio.

Nikajibana pale. Nikamwomba radhi kwa maneno mengi, kama kawaida yangu. Hakugeuka.

"Kabila gani wewe?" akauliza.

"Mzaramo. Wa Kisarawe, ila nimekulia hapa hapa Temeke."

Sasa akageuka. Akanitazama juu hadi chini, akitabasamu polepole kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Mie Mnyamwezi. Toa mguu wako kwangu, mtumwa."

"Mke wangu," nikamwambia, "mguu huu ndio utakaokuoa."

Darasa likacheka mpaka mgambo akaamka.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao wakiteremka pwani na mizigo kichwani, babu zetu wakiwapokea kwa ngoma na kuwapandishia bei ya nazi. Mtani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa mkoa hana. Atakutukana mbele ya wakwe zako. Atakuvua kofia aondoke nayo. Atamwita binti yako mke wake. Atalala kwenye mlango wa nyumba yako yenye msiba akidai alipwe ndipo jeneza lipite, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Raha tupu. Sijui watu wasio na watani wanapumulia wapi katika mji huu.

Ila utani una jambo moja ambalo wazee hawakunieleza: ukishaingia, hakuna kutoka. Kufikia mwisho wa wiki ile nilikuwa namwita mke wangu na namaanisha. Yeye alikuwa ananiita mtumwa wangu na anacheka. Tukaja kufanya biashara pamoja, tukachuma, tukajenga, tukawa watu wa kutajwa mitaani, na katika yote hayo mie nilikuwa natafuta jambo moja tu kwa mwanamke yule. Siku moja aniamini.

Biashara yetu ilizaliwa kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti la shule. Mie nilikuwa namlilia kuhusu wateja wanaonipotea.

"Wanakwama wapi?" akauliza.

"Kwenye kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Mtu ana kazi, ana mshahara, ana mpaka mchumba, lakini miezi sita kwa mpigo hana."

Akachomoa penseli sikioni, akaandika juu ya karatasi ya chipsi, mafuta yakafuta nusu ya hesabu. "Sie tumlipe mwenye nyumba. Mpangaji atulipe sie kila mwezi, na kidogo juu."

"Na akitoroka?"

"Wewe si dalali? Atahamia wapi usikokujua?"

Baadaye nimekaa kwenye semina za watu wenye tai ndefu kuliko njia ya reli, wakizungumza mitaji na masoko mpaka maji ya chupa yanachemka, na sijasikia la maana kuliko lile la kwenye karatasi ya chipsi. Yeye akatoa akiba yake ya dukani, mie nikatoa ya udalali, na ya kwake ilikuwa kubwa hata sikuthubutu kuziweka kando kwa kando.

Mwenye nyumba wa kwanza kutuamini alikuwa mzee mmoja Mhindi, Khoja wa Mikocheni, aliyekuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya karakana yake. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na kila tukienda kuchukua funguo alituuliza swali lile lile.

"Nyie mnaoana lini?"

"Mzee, huyu Mzaramo," mtani wangu anajibu. "Ngoma ikilia Kisarawe ataniacha na mwiko mkononi."

"Namwoa kesho," mie nasema. "Leo nimemwachia afue."

Mzee anacheka hadi miwani inateremka puani. Siku moja tu hakucheka. Alinikuta peke yangu getini, akanishika kiwiko, akasema taratibu, "Kijana, siku ukiwa umekasirika, mwambie siku hiyo. Atakusikia." Nikamwambia, mzee, mie kukasirika sijui, nilijaribu mara moja nikashikwa na kwikwi wiki nzima. Akaniachia kiwiko. Akaingia ndani.

Tukakua. Tukapata ofisi Temeke, juu ya duka la magodoro, tukapata leseni ya kukopesha baada ya kupanda ngazi za ofisi za watu mpaka walinzi wakawa wanatuuliza hali za nyumbani. Mtaani kulikuwa na mikopo ya wale jamaa wanaoitwa kausha damu, wanaombebea mama wa watu kitanda mchana kweupe, watoto wanaangalia. Mtani wangu aliapa kwamba sie hatutabeba kitu cha mtu. Mteja akikwama, tunakwenda kukaa naye, tunakunywa chai yake, tunapanga upya. Aliyetumwa kunywa chai ni mie, kwa sababu hakuna mdaiwa aliyeweza kukaa mbele yangu bila kucheka, na mtu akishacheka ndipo anakumbuka kwamba ana shemeji bandarini wa kumwazima.

Halafu tukaingia kwenye maboma. Pembezoni mwa mji huu yako kila mahali: mtu kajenga kuta, kaweka mpaka matundu ya madirisha, hela ikamwishia, nyumba ikabaki bila paa na miche ya mipapai ndani ya sebule. Sie tukawa tunanunua, tunapaua, tunapangisha. Jumapili wengine wanakwenda ufukweni, sie tulikuwa tunakwenda Gongo la Mboto, Pugu, Chanika, kutembelea kuta za watu. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake. Hakupenda dhahabu wala kusafiri. Alikuwa anapenda drafti, ambayo aliwafunga wazee wa kijiweni mpaka wakawa wanampa kahawa ya bure ili aache, na alipenda kuingia kwenye nyumba isiyokwisha na ndoo ya maji aliyoomba kwa jirani. Anamwaga maji katikati ya sakafu, anachuchumaa, anakunja sketi magotini, anaangalia yanakwenda wapi.

"Fundi kamdanganya mwenye nyumba," anasema. "Yanakwenda chumbani."

Starehe yangu mie ilikuwa kugawa vyumba. Nasimama katikati ya magugu nasema, hapa sebule yetu, hapa jikoni kwako, hapa wanangu wa kiume, kule wa kike, kule mama yako akija kutoka Tabora na jini lake. Yeye huku anapima ukuta kwa hatua anajibu, "Na wewe utalala wapi?" Namwambia kwako. Anasema, "Kwangu kumejaa, kalale na mbuzi."

Kuna Jumapili mvua ilitukuta Pugu ndani ya boma. Paa hakuna, tukajibana kwenye kona moja penye kipande cha bati walichosahau mafundi, bega kwa bega, maji yanatupita miguuni. Yeye alikuwa anasikiliza mvua kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Nikaona, leo ndiyo leo. Nikamwambia nataka kumwoa. Nikasema vizuri kabisa, kwa sauti ya kawaida. Akageuza uso, nikaona macho yake yameanza kuniangalia kwa namna nyingine. Na hapo mdomo wangu, ambao hauna gia ndogo, ukaendelea wenyewe. Ukasema nitamjengea nyumba yenye vyumba vingi mpaka atahitaji kondakta wa kumpeleka chooni.

Akacheka mpaka akashikilia ukuta. Mvua ikakatika, tukarudi mjini.

Nikaona kazi hii niwaachie wazee. Kwa desturi kijana hajisemei. Unaandika barua ya posa, unafunga kwenye kitambaa safi, mshenga anaipeleka kwa wazazi. Niliandika barua ile jioni nyingi. Sikuweka mzaha hata chembe. Niliandika kwamba binti yao ndiye mtu wa kwanza ninayemfikiria nikiamka, na kwamba kuna siku silali. Mshenga alikuwa mjomba wangu wa Kisarawe. Nilimkalisha chini, nikamwambia, mjomba, hii ni kweli, naomba usitanie. Akaniapia kwa marehemu bibi.

Baba yake mtani wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, anaishi Gongo la Mboto kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Mie sikutakiwa kuonekana, kwa hiyo nilikaa dukani ng'ambo ya barabara na soda iliyokuwa inapoa kinyume, inapata joto. Nikamwona mzee anatoka kibarazani, anamtazama mjomba wangu na kanzu yake iliyonyooshwa.

"Nani kawaruhusu Wazaramo kukanyaga hapa?"

Mjomba akajaribu, siwezi kumnyima haki yake. Alisimama pale midomo ikimtetemeka kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Lakini kuingia kwa mtani bila kumjibu ni sawa na kuingia uchi. "Tumekuja kumchukua mpagazi wetu," akapaza sauti, "alitoroka msafarani na mzigo wa watu."

Basi. Wakaingia ndani kwa kicheko, na kicheko hakikuisha. Nilikisikia kinavuka barabara, kinapungua, kinapanda tena, na nilijua kila kilipopanda walikuwa wamefika sentensi nyingine ya barua yangu. Mwenye duka akaniuliza kama kule kuna harusi. Nikamwambia bado.

Mjomba alitoka hana kofia, na kiatu kimoja hana. Mzee alikuwa amemnyang'anya kama faini ya utani.

"Mambo yamekwenda vizuri sana," akasema mjomba. "Wakwe wazuri, wacheshi."

Majibu yalikuja baada ya siku chache, yameandikwa kijeshi, na mhuri wa chama cha wastaafu juu yake. Posa imekubaliwa. Mahari ni treni moja na injini yake, iliyotoka Tabora ikiwa imejaa asali, na ng'ombe wanaojua kusoma na kuandika.

Asubuhi yake mtani wangu alifika ofisini akiwa bado anafuta machozi. "Baba kaisoma barua yako mpaka kwa majirani. Ile sehemu ya kwamba hulali, mtani, mie nilikaa chini."

"Kweli silali," nikasema.

"Usirudie. Mbavu zinaniuma."

Nikamtazama. Alikuwa ananikaribisha nicheke naye, macho yanang'aa, mzuri kupita kiasi, na ndani ya furaha ile hapakuwa na ufa wa kupenyeza hata neno moja. Nikacheka naye. Ningefanya nini? Wateja walikuwa wanapanda ngazi.

Miaka ikaenda hivyo. Nyumba zikaongezeka, tukaajiri vijana wenye vyeti, tukanunua gari lililokuwa linawaka kwa kusukumwa na mtaa mzima. Watu wakaacha kutuuliza tunaoana lini. Wakatuzoea kama wanavyozoea nguzo za umeme.

Kisha akaja mpima. Tulikuwa na kiwanja Chanika chenye mgogoro wa mpaka, ikabidi tumwite mtu wa kupima. Alikuwa mtu wa Lindi, mfupi, mpole, mwenye mashine yake ya miguu mitatu na kofia iliyochakaa. Alizungumza kama anayelipia kila neno. Alitazama kwenye mashine, akasema, "Kiwanja kimepinda," tukaangalia, kweli kimepinda. Adhuhuri tukakaa kivulini na mafundi kula. Akatutazama sie wawili, akauliza kwa adabu kama tuna uhusiano.

"Huyu mke wangu," nikasema.

Mafundi wakacheka. Mpima hakucheka. Watu wa kwao hawana utani na sisi, hakujua kama pale pana pa kucheka. Akamgeukia mtani wangu, akangoja.

"Ni mtani wangu," mtani akasema. "Mzaramo huyu."

"Aha," akasema mpima. Akamaliza kula, akarudi kwenye mashine yake.

Kiwanja kile kilikwisha kupimwa, lakini mpima hakuisha kuja. Alikuja na ramani, akaja kuulizia ramani, akaja kusema ramani imekamilika. Alipoishiwa ramani alikuja na korosho. Mie nilikuwa nazila korosho zile namsifia, nasema ziko kubwa kama ngumi ya mtoto, huku moyo unakwenda chini ngazi baada ya ngazi.

Siku aliyoniambia, mtani wangu alikuwa amesimama dirishani, anaangalia wale vijana wa chini wanavyopakia magodoro kwenye guta.

"Yule mpima anataka kunioa."

"Kasemaje?"

"Kasema, nataka kukuoa."

"Halafu?"

"Basi."

"Hakuongeza kitu?"

"Nilingoja achekeshe. Hakuchekesha." Kule chini godoro lilianguka, vijana wakagombana, wakaliokota. "Mie sijawahi kuambiwa hivyo, mtani. Mtu mzima na umri wangu wote huu, sijawahi kuambiwa."

Nilikuwa nimemwambia kwenye dawati, kwenye chipsi, Mikocheni, Pugu ndani ya mvua, kwenye karatasi na kupitia kwa mjomba. Nadhani hakuna mwanamke Tanzania hii aliyewahi kuambiwa mara nyingi zaidi.

"Na mie je?" nikauliza.

Akageuka, na nikaona amefurahi kwamba nimeuliza, amepata pa kushukia kutoka kwenye ule uzito. "Wewe utazuia mlango siku ya harusi. Nani mwingine? Na usikubali hela ndogo."

Mpima alikuwa amehamishiwa Lindi kikazi, kwa hiyo angemchukua. Biashara tuligawana bila ugomvi. Nilichomwachia alinirudishia, alichonirudishia nilimfichia kwenye hesabu za wapangaji, tukamaliza tukiwa tumechoka kwa kugombea kupewa kidogo.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa msikitini adhuhuri, wanaume peke yao, kama kawaida. Nilikuwepo. Nilisikia mpima anaikubali kwa sauti ya mtu anayethibitisha mpaka wa kiwanja. Baada ya hapo msafara ukaelekea Gongo la Mboto kumchukua bibi harusi, matarumbeta mbele, akina mama wa sare nyuma, mpiga video anatembea kinyumenyume kwenye mashimo. Mie nilitangulia. Mlango wa kuingilia kwa mzee ulikuwa mmoja. Nikakaa kizingitini, mgongo kwenye fremu ya huku, miguu kwenye fremu ya kule, na ukijua urefu wangu utajua hata paka asingepita.

Nilikuwa nimeamua jambo. Sikuwa na nia ya kumvunjia mtu ndoa; ilikwisha fungwa, na yule bwana hakuwa na ubaya wowote kwangu. Nilitaka ajue tu. Aondoke akijua.

"Hatoki," nikasema walipofika.

Vigelegele. Shangazi wa bwana harusi akatupa noti mapajani mwangu. Nikamrudishia.

"Ongeza, mama," wakapiga kelele watu wangu wa Temeke. "Huyo kasoma jioni, bei yake ya usiku."

Akaongeza. Nikamrudishia. Nikasema sitaki hela, wakashangilia. Nikasema huyu mwanamke nimekaa naye kwenye nyumba nyingi kuliko wanazoweza kufikiria, hakuna hata moja yenye paa. Wakashikana mabega kwa kucheka. Nikasema kuna siku silali kwa ajili yake. Mzee mwanajeshi, aliyekuwa nyuma yangu ndani, akapiga kofi ukutani, anasema jamani huyu kiboko. Nilikuwa sijawahi kusema kweli mfululizo hivyo, na sijawahi kuchekesha watu namna ile. Jasho linanitoka. Wakawa wananitupia kanga, wananitupia soda, wananitupia mtoto wa mtu nimbusu.

Mpima akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele yangu na koti lake jipya.

"Kaka, unataka nini?"

"Nataka abaki."

Nyuma yake kicheko kilipasuka mpaka matarumbeta yakakosea. Yeye hakucheka. Alinitazama kama alivyokuwa anatazama kwenye ile mashine, jicho moja likijifinya kidogo, na nikaona kwamba katika umati ule mzima amenisikia mtu mmoja, naye ndiye huyu.

"Ndoa imeshafungwa, kaka," akasema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Sasa?"

"Nataka ajue."

Akafikiri. Ningekuwa mie ningempiga mtu. Yeye akasimama, akaita jina la mke wake kuelekea ndani, akasema, "Njoo uongee naye." Kisha akawarudisha watu nyuma kwa mikono, hatua chache, na watu wakarudi nyuma kwa furaha, wakidhani bwana harusi naye ameingia kwenye mchezo.

Akaja. Hina mpaka viwikoni, wanja, manukato yaliyofika kabla yake. Akachuchumaa upande wa ndani wa mlango, akakunja gauni magotini.

"Mtani, watu wana njaa," akasema.

"Leo simtanii mtu."

Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo. Halikufika upande wa pili.

"Toka lini?" akauliza.

"Toka dawatini."

"Na Pugu?"

"Na Pugu."

"Ile barua?"

"Ilikuwa barua."

Akatazama sakafu. Watu nje walikuwa wanapiga makofi ya kuhimiza. Nilitaka kusema kitu cha kumpunguzia, chochote, maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni mengi kama watu wa foleni ya maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayafungia.

"Mie nimepakwa wanja," akasema mwishoni. "Usinilize."

"Lia tu. Watasema ndivyo walivyo mabibi harusi."

Akafuta chini ya jicho kwa kidole cha mwisho, kwa uangalifu. Hakusema ingekuwaje kama angejua mapema. Hakunipa hiyo, na nilimshukuru, maana ningeishi nayo vibaya zaidi.

"Nipishe, mtani."

"Nisipokupisha?"

"Nitakuruka. Na wewe sitaki kukuruka."

Nikakunja miguu. Ilichukua muda, miguu yangu ni mirefu. Akasimama, akavuka, na katika kuvuka akaweka mkono kichwani kwangu kujishikiza, sababu viatu vilikuwa virefu na kizingiti cha mzee kiko juu. Mkono ulikaa pale kidogo kuliko ilivyohitajika kwa kuvuka. Halafu kelele zikammeza, gari likapiga honi, na vumbi la Gongo la Mboto likafanya kazi yake.

Watu walikuja kunipa mkono. Walisema hawajaona mtani kama mie tangu wazaliwe, wakanijazia mapajani hela ambazo sikumbuki nilizipeleka wapi. Nilikuwa bado nimekaa. Mpiga video akarudi mbio kutoka barabarani, kijana mwenye fulana ya kampuni yake, anahema.

"Braza, samahani sana. Pale bibi harusi alipochuchumaa, betri ilizima. Tunaweza kurudia kidogo? Akae huyu sista wa gauni la njano, nitampiga picha kwa mgongo, hakuna atakayejua."

Sista wa gauni la njano akaja, akachuchumaa, anacheka kwa haya, mikono kinywani. Watu wakajipanga upya. Mzee akanyoosha koti nyuma yangu. Nikanyoosha miguu mpaka kwenye fremu ya pili.

"Anza pale pa 'hatoki'," akasema kijana.

"Hatoki," nikasema.

Wakacheka. Kijana akainua mkono kutusimamisha, akaweka sikio kwenye kamera, akatikisa kichwa. Akaniomba nirudie kwa sauti zaidi, haisikiki vizuri. Nikarudia kwa sauti.